Oksijeni 98, mbona hamumtoi kwenye mashine?

Hili swali nimelisikia mpaka nimelikariri. Ndugu wanaingia ICU kumwona mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, macho yote kwenye monita, halafu mmoja wao, mara nyingi yule mjuaji wa familia, ananyoosha kidole: "Dokta, si oksijeni ni 98, mbona hamumtoi?" Ukimwambia bado, linakuja la pili: "Basi tuambie ni siku gani." Ukisema siku siijui wanatazamana, kwamba huyu anatuficha kitu au wanataka bili ya kitanda ipande.

Jamani, hiyo 98 ndo inanichosha kuliko zote. Namba ile inakwambia oksijeni imefika kwenye damu, haikwambii nani kafanya kazi ya kuifikisha. Mashine ikisukuma hewa yenye oksijeni asilimia 60, hata mapafu yenye nimonia ya maana yanaweza kukupa 98. Sisi tunataka aipate kwa asilimia 40 hivi kushuka chini, PEEP (ile presha mashine inayoibakiza kwenye mapafu mtu akimaliza kutoa pumzi) iwe ndogo, presha ya damu isimame bila dawa nyingi za kuipandisha, awe anaamka, na ule ugonjwa uliomleta uwe unarudi nyuma. Na akifika hapo bado hajatoka, hapo ndo anaruhusiwa kuingia kwenye mtihani.

Mtihani wenyewe ni kwamba tunapunguza msaada wa mashine mpaka unabaki kidogo sana, au tunamwachia mpira wa kooni na oksijeni tu, apumue mwenyewe, nusu saa, na kwa wale wagumu hata saa mbili. Muda huo mimi macho yangu yako kwa mtu, monita baadaye. Mabega yanapanda kila akivuta? Pale juu ya mfupa wa bega, karibu na shingo, ngozi inazama ndani? Jasho limetoka kwenye paji la uso, tumbo linaingia ndani wakati lingetakiwa litoke? Nahesabu pumzi kwa saa ya ukutani, zikivuka 35 kwa dakika na zikaendelea hivyo basi mtihani umeisha, arudi kwenye mashine apumzike mpaka kesho. Na muda wote huo monita inaweza kuwa inasoma 97 vizuri kabisa, sababu mtu anapochoka kupumua oksijeni huwa inachelewa kushuka, hasa ukiwa unamuongezea.

Sasa kuhusu siku. Watu wameitafuta namba ya kutabiri miaka mingi. Mwaka 1991 watafiti wawili, Yang na Tobin, walitoa hesabu rahisi, unachukua pumzi za dakika moja unagawa kwa ukubwa wa kila pumzi kwa lita, ikizidi 105 kuna uwezekano mkubwa atashindwa. Mtu anapumua mara 30, kila pumzi mililita 250, hiyo ni 120, pumzi fupifupi za haraka, huyo bado. Madaktari vijana wanaipenda hii kweli, na nusu yao wanaisoma mgonjwa akiwa bado kwenye presha sapoti, yaani mashine inamsukumia kila pumzi anayovuta, wakati Yang na Tobin wenyewe waliipima mtu anapumua bila msaada, kwa hiyo namba inatoka nzuri lakini ya uongo. Na hata ikitoka nzuri ya kweli, haijapima kama anaweza kukohoa makohozi yakatoka, koo limevimba kiasi gani, wala moyo. Mwenye moyo dhaifu mashine ilikuwa inamsaidia bila yeye kujua, ukiiondoa damu inarudi kifuani kwa wingi na mapafu yanajaa maji, ghafla.

Halafu kuna wale wanaojichomolea mpira wenyewe usiku. Karibu nusu yao huwa hawahitaji kurudishiwa! Maana yake sisi wataalamu tulikuwa tunawachelewesha, ndo utabiri wetu huo. Kwa hiyo dawa ni kumjaribu kila asubuhi badala ya kukaa kukisia.

Mengine mnayotuambia nayapitia haraka haraka. "Mpunguzieni mashine kidogo kidogo, siku hadi siku, azoee": Esteban na wenzake Hispania walilipima hilo mwaka 1995, waliopewa jaribio moja kwa siku walitoka mapema kuliko waliopunguziwa taratibu. "Mwacheni alale apone": hapana, dawa za usingizi zikizidi ndo anakawia zaidi, na misuli ya kupumulia ikikaa bure inaanza kunywea ndani ya siku chache tu. Mimi napenda dawa zisimamishwe asubuhi kama hali inaruhusu, aamke, akaminye mkono wangu, ndo tuanze mtihani. "Alirudishiwa mpira, basi mlikosea": kati ya kila 10 tunaowatoa kwa mpango mmoja au wawili hurudishiwa, na ICU inayosema kwake haijawahi kutokea mi naiogopa, hao wanawaacha watu kwenye mashine muda mrefu mno. "Ukitobolewa shingo upumulie hapo, hutoki tena": wengi wanatoka, tena kile kitundu kinapunguza dawa za usingizi na kumfyonza makohozi kunakuwa rahisi.

Kwa hiyo ukija kumwona mgonjwa wako achana na monita, muulize nesi leo amejaribiwa, amedumu muda gani, na kilichomshinda ni nini, ni makohozi, ni kuchoka au ni usingizi. Na mleteeni miwani yake. Kama anavaa kifaa cha masikio nacho kileteni, maana tunamwambia "kohoa baba, kohoa" naye hasikii kitu, tunaandika kwenye faili hafuati maelekezo.