Je, wajua asiyeona hutumiaje simu ya kupangusa?

Chukua kitochi chochote, hata kile kilichofutika namba zote kwa uzee, upapase kitufe cha 5. Utakuta kinundu kidogo katikati. Hakikuwekwa kwa urembo. Kidole kikishaipata tano, kinajua kuwa mbili iko juu yake, nane iko chini, nne na sita ziko kando. Kwa kinundu hicho watu wasioona walipiga simu zao wenyewe miaka na miaka.

Kisha zikaja simu za kupangusa. Kioo kitupu, laini kama sahani, hakina hata kitufe kimoja cha kushika. Ungedhani hapo ndipo mlango ulipofungwa. Mbona basi wasioona ndio hao wamo WhatsApp, wanasoma magazeti, wanatuma pesa?

Nilikaa na rafiki yangu mmoja kwenye daladala, mwalimu asiyeona, nikamwona anapangusa simu ambayo skrini yake ilikuwa nyeusi tii. Nikadhani imezima chaji. Kumbe ameifunika skrini kwa makusudi, kuna mpangilio wa kufanya hivyo, ili jirani asichungulie ujumbe wake. Sikioni alikuwa na spika moja tu, sikio la pili ameliacha wazi asikie vituo. Aliponipa ile spika nisikie, nilisikia kitu kama kanda ya kaseti inayorudishwa nyuma.

"Mwalimu, hii inasema nini?"

"Inasema kikao cha Jumamosi kimesogezwa mbele. Sikiliza tena."

Nikasikiliza tena. Sikuambulia kitu.

Kinachosema ni programu ya kusoma skrini. Kwenye iPhone inaitwa VoiceOver, na iliingia kwenye simu hizo mwaka 2009. Kwenye Android inaitwa TalkBack, nayo ilianza mwaka huohuo. VoiceOver imo katika kila iPhone bila malipo, na TalkBack imo katika simu nyingi za Android. Huenda umeibeba mfukoni muda wote huu bila kujua.

Ukiiwasha, simu inabadili tabia. Ukigusa kitu mara moja, hakifunguki, kinajitaja jina: "Kamera." "Ujumbe." "Saa." Ukishasikia unachokitaka, unagonga mara mbili harakaharaka, popote pale kwenye kioo, ndipo kinafunguka. Ukipangusa kulia unakwenda kitu kinachofuata, ukipangusa kushoto unarudi. Kwa hiyo huhitaji kujua kitu kiko wapi, unavipitia kimoja kimoja kama mtu anayehesabu tasbihi. Kuandika nako hivyohivyo: unatembeza kidole juu ya herufi, kila unayoifikia inatajwa, na simu ikipangwa hivyo, ukiinua kidole herufi ile inaandikwa.

Lakini simu inajuaje kwamba hapa pana kamera na pale pana ujumbe? Wengi wanafikiri inaitazama skrini kama tunavyoitazama sisi. Kwa kawaida sivyo. Nyuma ya kila ukurasa unaouona pana orodha isiyoonekana: hiki ni kitufe, jina lake "Tuma", hili ni sanduku la kuandikia, hiki kimewashwa, kile kimezimwa. Programu ya kusoma skrini inauliza orodha hiyo, inapewa maneno, inayatamka. Orodha inategemea aliyetengeneza programu. Akichora kindege cha karatasi kwa maana ya kutuma, asikipe jina, anayeona ataelewa mara moja, ila asiyeona atasikia "kitufe". Akisogea, "kitufe". Akisogea tena, "kitufe". Rafiki yangu alikuwa na programu moja ya kifedha aliyoizoea kabisa. Siku moja ikaja na sura mpya, na majina ya vitufe yakapotea yote. Akaanza kumpa mpwawe simu amtumie pesa, pamoja na namba yake ya siri. Mtu mzima mwenye mshahara wake, siri yake ya pesa iko kwa mtoto wa kidato cha pili, kwa sababu tu kuna mtu hakuandika neno moja, "Tuma". Linaniuma kila nikilikumbuka.

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe. Kabla ya kutamka, mashine inayageuza maandishi kuwa mlolongo wa sauti, na hapa Kiswahili kina bahati. Kinasomwa kama kilivyoandikwa. Irabu tano, kila moja na sauti yake, na mkazo karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana eSpeak, programu ndogo na ya bure iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, inaweza kukisoma kwa kanuni chache tu. Sauti yake ni ya bati, si usomaji wa mtu uliorekodiwa, kwa sehemu kubwa imekokotolewa tu. Sisi tunaiona mbaya. Wasioona wengi wanaipenda, maana ukiikimbiza mara mbili au tatu ya mwendo wa mazungumzo bado kila konsonanti inasikika. Sikio limefundishwa, kama jicho la msomaji mzoefu linavyoruka mistari. eSpeak hiyohiyo ndiyo inayokuja na NVDA, programu ya kusoma skrini za kompyuta iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. Nayo ni bure, na kwetu hilo si jambo dogo.

Bahati hiyo ina mipaka yake. Neno "barabara" mashine italisoma kwa namna moja, iwe ni njia ya magari au ni kazi iliyofanyika sawasawa, ingawa mkazo unatofautiana. Ikikuta "watoto 2" inaweza kusema "watoto mbili", maana wawili, viwili na miwili ni mambo ya ngeli, na tarakimu haina ngeli. Na simu ikiwa imewekwa sauti ya Kiingereza, ndipo maneno kama "mbwa" na "ng'ombe" yanapondwapondwa.

Tena kuna jinsi tunavyoandikiana. "2po njiani" inasomwa "mbili po njiani". "Cjui" na "xaxa" zinatoka vitu vya ajabu. Vikatuni vya kulia kumi mfululizo vinaweza kutajwa kimoja kimoja hadi mwisho, na msikilizaji ameshika tu simu anasubiri ujumbe uanze.

Wapo wanaopenda kuandika kwa nukta nundu, ule mfumo wa nukta sita ambao Louis Braille wa Ufaransa alikuwa ameshaubuni mwaka 1824, akiwa na miaka 15. Simu nayo imeujifunza: iPhone tangu 2014, TalkBack tangu 2020. Unaigeuza simu kioo kitazame mbele, unaishika kwa pande mbili, vidole vitatu vya kila mkono vinakuwa nukta sita. Rafiki yangu akiandika hivyo, mimi na vidole gumba vyangu simfikii.

Kinachomshinda hadi leo ni mabango. Tangazo la kikao, la kazi, la msiba, siku hizi linatengenezwa kama picha ya kupendeza na kurushwa kwenye kundi. Ndani ya picha maandishi si maandishi tena, ni rangi tu, na sikioni kinachofika ni "picha". Zipo programu za kuyachomoa maneno kutoka kwenye picha, na zinazidi kuwa nzuri, ila herufi za mapambo juu ya maua ya rambirambi bado zinazichanganya. Tulipofiwa na mwenzetu mmoja, saa ya maziko ilikuwa kwenye bango. Mwalimu alifika makaburini watu wanaondoka.

Tangu siku hiyo katibu wetu kila akituma bango anaandika chini yake, kwa maneno ya kawaida: nani, wapi, saa ngapi. Inamchukua nusu dakika.

Ukitaka kujaribu, ingia Mipangilio (Settings), tafuta Ufikivu (Accessibility), washa TalkBack au VoiceOver. Kabla ya kuwasha, soma hapohapo namna ya kuizima, na kumbuka kwamba sasa ni kugonga mara mbili. Kisha fumba macho, fungua programu unayotumia kila siku, usikilize ina vitufe vingapi visivyo na jina.