Huyu Hana Simu?

Shangazi yangu hajawahi kusoma kitabu cha uandishi wa skripti, lakini swali lake moja limenifaa kazini kuliko semina zote nilizohudhuria. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhariri wa skripti kwenye tamthilia ya mapenzi yenye vichekesho. Mwisho tulikuwa tumeshauandika, wawili wetu wameelewana, na gauni la bibi harusi liko kwa fundi. Kituo kikatuambia matangazo bado yanaingia, ongezeni wiki kumi na tatu. Tukaongeza. Tukamfanya kijana asikie nusu ya maneno mlangoni, akasirike, apande basi la Mwanza bila kuaga. Sehemu hiyo ikiwa bado hewani shangazi akanipigia kutoka Tabata.

"Mwanangu, hivi huyu hana simu?"

Sikuwa na jibu. Simu alikuwa nayo, tena tulimwonyesha akiitumia wiki iliyotangulia. Aliyemzuia asipige hakuwa hasira wala aibu yake. Aliyemzuia ni mimi.

Mtaani tunasema tamthilia imechuja, na neno hilo ni zuri kuliko mengi ya darasani. Khanga haichuji siku moja. Kwanza unaiona rangi kwenye maji ya kufulia, na wewe bado unaivaa na kusifiwa. Mtazamaji naye huendelea kukaa mbele ya televisheni misimu miwili mitatu kwa mazoea tu, rangi ikiwa imeshabaki kwenye beseni. Mfano ninaoupenda ni How I Met Your Mother ya kituo cha CBS cha Marekani, iliyoanza Septemba 2005 na kumalizika tarehe 31 Machi 2014, misimu 9, sehemu 208. Naupenda kwa sababu nilikuwa mpenzi wake kweli kweli. Nilimtafsiria shangazi tamthilia nzima, sentensi kwa sentensi, jioni baada ya jioni, na kwa hiyo kila palipochuja tulipaona wote wawili.

Kabla sijafika huko niondoe dhana moja. Kwenye kazi yetu kuna watu wanaoamini kwamba wapenzi wakishaungana tu, utamu umekwisha, hivyo wasiunganishwe mpaka dakika ya mwisho. Ushahidi wanaoutaja siku zote ni Moonlighting ya kituo cha ABC cha huko huko, iliyorushwa kuanzia 1985 hadi 1989, ya Cybill Shepherd na Bruce Willis. Wahusika wao walilala pamoja mwaka 1987, tamthilia ikaporomoka, kesi imekwisha. Ila wanaosimulia hivyo wanaruka mambo mengi. Shepherd alipata ujauzito wa mapacha. Willis akaenda kutengeneza filamu ya Die Hard. Muasisi wake, Glenn Gordon Caron, akaondoka, na mwaka 1988 waandishi wa Marekani wakagoma. Wahusika wakuu wawili wakawa hawaonekani pamoja kwenye fremu moja kwa majuma. Hata wangebaki hawajagusana mkono, tamthilia ile ingekufa.

Na ndani ya How I Met Your Mother kwenyewe kuna Marshall na Lily. Wanachumbiana kwenye sehemu ya kwanza kabisa, wanaoana mwishoni mwa msimu wa pili, na wanachekesha kuliko wote. Ndoa yao ina madeni, wakwe, nyumba iliyojengwa upande, mtoto anayechelewa. Mapenzi yaliyofanikiwa hayajawahi kukosa kitu cha kuandikia. Anayekosa ni mwandishi aliyezoea kuandika habari za kukosana.

Kinachochuja ni kikwazo. Kwenye tamthilia ya aina hii, kikwazo ndicho kinachobeba mapenzi na vichekesho kwa wakati mmoja, na kinapaswa kukaa ndani ya watu wenyewe. Tazama Ted, mhusika mkuu, na mpenzi wake Robin walivyoachana mwaka 2007, mwisho wa msimu wa pili. Ted ni msanifu majengo anayetaka mke, nyumba na watoto, na anavitaka jana. Robin ni mtangazaji kutoka Kanada anayetaka kuiona dunia na hataki watoto. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyesikia vibaya mlangoni. Wapigiane simu usiku kucha, asubuhi itawakuta palepale. Shangazi alinyamaza, kisha akasema wamefanya vizuri kuachana mapema. Sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa skripti.

Kwa nini basi hawakuishia karibu na hapo? Hapa lazima niseme habari ya fedha, maana ndiyo inayoandika nusu ya kila skripti. Tamthilia ya kituo kikubwa cha Marekani zama zile ilitoa sehemu 22 hadi 24 kwa mwaka. Faida nono haikuwa kwenye urushaji wa kwanza, ilikuwa kwenye kuuzwa upya kwa vituo vidogo vinavyoirudia kila jioni kwa miaka, na kwa mazoea ya biashara hiyo ilibidi kwanza ufikishe karibu sehemu 100. Ukizifikisha na watu bado wanatazama, hakuna anayekuambia funga. Hadithi ya mapenzi kwa umbile lake inataka kwisha, na biashara inalipa ili isiishe. Ukiona mtu kapanda basi la Mwanza bila sababu, mara nyingi nauli imelipwa na idara ya mauzo.

Carter Bays na Craig Thomas, waasisi wa tamthilia hii, walikuwa na mzigo wa ziada waliojifunga wenyewe. Ted anawasimulia watoto wake wawili mwaka 2030 jinsi alivyokutana na mama yao. Watoto hao ni waigizaji waliokuwa vijana, na vijana hukua. Kwa hiyo mapema sana, karibu 2006, waasisi wakawarekodi wakisema maneno ya mwisho wa hadithi nzima, kanda ikawekwa kabatini. Ulikuwa ujanja mzuri. Lakini tangu siku hiyo kila msimu ulioongezwa ulikuwa ukielekea kwenye mlango uliokwisha kujengwa, wakati waliokuwa njiani walikuwa wanabadilika.

Ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa kwenye jina la tamthilia. Kila mwanamke aliyemjia Ted tulijua ataondoka. Stella akamkimbia siku ya harusi mwaka 2008, na bado ilichoma, kwa kuwa Ted mwenyewe alikubali harusi iende mbio namna ile. Kufika kwa Zoey, msimu wa sita, shangazi alikuwa ameanza kuuliza "huyu anaondoka lini?" kabla dada wa watu hajamaliza kujitambulisha.

Vichekesho navyo vikachoka kwa njia yake. Vibao vitano ambavyo Marshall alishinda kwa dau haki ya kumpiga rafiki yao Barney mwaka 2006 vilichekesha kwa kuwa vilihesabika. Baadaye vikaongezwa. Sina la kusema zaidi juu ya hilo. Kibao kisichohesabika ni kelele.

Kuna jambo la ufundi ambalo watazamaji wengi hawalijui. Tamthilia nyingi za vichekesho za Marekani zilirekodiwa mbele ya watu waliokaa studioni, na kicheko chao ni kipimo. Ndivyo tamthilia ya Friends ilivyopata ndoa yake bora. Mwaka 1998, kwenye sehemu za London, Monica na Chandler waliibuka kitandani pamoja, na waandishi walikuwa hawajapanga lifike mbali. Watu studioni wakapiga kelele kiasi kwamba waandishi wakarudi mezani kufikiri upya. How I Met Your Mother haikuwa na watu studioni. Ilikuwa na vipande vifupi vingi mno vya kurudi nyuma na mbele katika wakati, kwa hiyo sehemu ilikatwa na kuunganishwa kwanza, ndipo ikaonyeshwa kwa watu na vicheko vyao kurekodiwa. Mtu akinung'unika wakati huo, umechelewa. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya yote. Nasema tu kwamba nikiwa mhariri ningekosa usingizi: mwisho umefungiwa kabatini, na chumbani hamna mtu wa kukohoa.

Msimu wa tisa ulithibitishwa wakati wa nane umeshafika katikati, na takribani wote umewekwa kwenye wikiendi moja ya harusi ya Barney na Robin. Sehemu 22 hotelini. Marshall anatakiwa kufika harusini na hafiki: ndege, gari la kukodi, dereva asiyemjua, wiki baada ya wiki. Hapo swali la shangazi likagonga mwamba, maana Marshall simu alikuwa nayo. Tena Lily alitembea na mto uliofungwa tableti yenye sura ya Marshall. Ndoa imara kuliko zote ikatenganishwa na barabara, na barabara haina tabia, haina hofu, haina siri. Ni lami tu. Nilipomaliza kutafsiri sehemu moja ya namna hiyo nikakuta nimetafsiri peke yangu, shangazi keshaenda kupika.

Ajabu ni kwamba katikati ya uchovu huo alitokea mwigizaji Cristin Milioti. Ndiye mama mwenyewe, Tracy, aliyeonekana sura yake kwa mara ya kwanza Mei 2013. Sehemu ya 200, ya Januari 2014, ilipitia miaka yote ileile upande wake, na rangi ikarudi. Shangazi alirudi kutoka jikoni. Tracy naye alikuwa na kikwazo cha ndani: aliyempenda alikufa, na yeye aliamini mtu hupata bahati hiyo mara moja tu. Kisha ufukweni alfajiri Ted akamwachia Robin mkono, na Robin akapaa kama puto. Mimi na wenzangu wengi tuliipenda picha ile. Tukasadiki kwamba Robin ameachwa kweli. Ndilo lililokuwa kosa letu.

Barney na Robin walioana hewani tarehe 24 Machi 2014, baada ya miezi sita ya maandalizi. Wiki iliyofuata, kwenye sehemu ya mwisho, wakatalikiana ndani ya dakika chache. Tracy akaugua, akafa, na msimulizi akayapita hayo kwa sentensi mbili tatu. Kisha ile kanda ya kabatini ikatolewa. Watoto wanamtania baba yao kwamba hadithi hii yote ilikuwa ya shangazi Robin, kwamba mama hayumo humo kiasi hicho, wanacheka, wanamsukuma amfuate. Kwa karatasi, mwisho ule si mbovu. Ungewekwa mwaka 2008, Robin akiwa bado jeraha bichi na mama hana sura, ningeupigia makofi.

Shangazi aliwaangalia wale watoto kwenye kochi kwa muda.

"Mbona hawalii?"

Nikamweleza kwamba kwenye hadithi mama yao amefariki miaka sita iliyopita, wameshapoa, hata wanamwombea baba apate mwenzi.

"Sita kwao," akasema, akitafuta rimoti. "Mimi nimefiwa sasa hivi."