Fizi Kutoka Damu kwa Anayevaa Vyuma vya Meno: Maswali na Majibu

Kwa nini usafi wa kinywa huwa mgumu baada ya kufungwa vyuma?

Vyuma vya meno ni vipande vidogo vinavyogandishwa juu ya meno na kuunganishwa kwa waya unaoyavuta polepole hadi yapangike, kazi ambayo mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kuzunguka kila kipande, chakula na ukoga hupata mahali pa kujificha. Ukoga ni utando laini wa bakteria unaojijenga upya kila siku. Ukiachwa hugeuka ugaga mgumu, ambao hautoki kwa mswaki.

Fizi zangu zinatoka damu ninapopiga mswaki. Je, niiache sehemu hiyo mpaka ipone?

Hapana, usiiache. Kwa kawaida damu hiyo hutoka kwa sababu ukoga umekaa pale fizi inapokutana na jino, na fizi imevimba kwa ajili yake. Tunachokiona kliniki mara kwa mara ni hiki: mgonjwa anaona damu kwenye sinki, anaogopa, anairuka sehemu hiyo, ukoga unaongezeka, na anaporudi kukazwa waya fizi imeshapanda juu ya kipande cha chuma hata hakionekani vizuri. Halafu mzazi anatuambia kwamba vyuma ndivyo vilivyomharibia mtoto fizi.

Lakini si mswaki ndio unaozichubua?

Mswaki mgumu unaosukumwa kwa nguvu huchubua, na ndiyo sababu tunasisitiza mswaki laini. Hata hivyo, jibu ni lile lile: sehemu inayotoka damu ndiyo inayohitaji kusafishwa kwa makini zaidi, taratibu, asubuhi na usiku. Ukifanya hivyo, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikiendelea baada ya hapo, huenda kuna ugaga unaohitaji kuondolewa kwa vifaa vya kliniki, nawe uje.

Nisukutue kwa maji ya chumvi, au ninunue dawa dukani?

Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza fizi, lakini hayaondoi ukoga. Ama kuhusu vidonge vya amoksilini, dawa ya kuua bakteria, vinavyonunuliwa vinne au sita bila kuandikiwa na daktari, tunaomba, kwa heshima zote, tabia hiyo ikome. Vidonge havifuti uchafu ulioko chini ya waya. Vinachofanya ni kumpa mgonjwa matumaini ya uongo huku fizi ikiendelea kuharibika, na kuzoesha bakteria dawa ambayo siku moja ataihitaji kweli.

Nipige mswaki vipi?

Simama mbele ya kioo. Laza brashi kwa mshazari ili nyuzi ziguse ukingo wa fizi na jino, uende kwa miduara midogo. Kisha ielekeze kutoka juu ya waya kwenda chini, na baadaye kutoka chini ya waya kwenda juu, ukimalizia kwa upande wa ndani na sehemu za kutafunia. Chini ya waya, katikati ya kipande na kipande, pitisha kijibrashi chembamba au uzi wa meno, wala usitumie njiti ya kiberiti. Tumia dawa ya mswaki yenye floridi, teme povu na usisukutue kwa maji mengi. Dakika mbili hazitoshi kwa mwenye vyuma, jipe nne. Nyuzi za mswaki zikitawanyika, nunua mwingine bila kusubiri miezi mitatu.

Tunajua kwamba asubuhi ya Juni kule Makete au Njombe maji ya bomba yanauma meno. Yapashe moto kidogo.

Vyakula gani nijihadhari navyo?

Mahindi ya kuchoma na miwa hung'oa vipande. Pukuchua mahindi, na miwa iache. Parachichi, ndizi za kupika na viazi havina shida, mradi usafishe baadaye. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu ya baridi. Kila funda huwalisha bakteria, nao hutoa asidi inayoacha madoa meupe kuzunguka vipande, madoa ambayo huweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu na kubaki baada ya vyuma kutolewa. Kunywa chai pamoja na mlo, au iondoe sukari.

Ninaishi mbali na Mbeya mjini, iliko kliniki. Fizi zikivimba, nisubiri tarehe yangu ya kliniki?

Usisubiri. Nauli ni ghali, tunalifahamu hilo, lakini mfupa unaoshikilia jino ukishaliwa haurudi kwa urahisi. Piga simu kliniki yako uombe tarehe ya karibu, au anzia kwa tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya, ambaye ataangalia fizi na kukueleza kama ni lazima usafiri, huku ukiendelea kupiga mswaki pale pale panapotoka damu. Jino kulegea kidogo wakati linavutwa ni kawaida. Usaha, jino linalolegea kupita kiasi au maumivu yanayokukosesha usingizi si kawaida. Uso ukivimba, ukipata homa, au ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.