Viza umepata na umefika. Je, bado unahitaji kujisajili?

Ndiyo, karibu kila nchi. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti haikuondolei wajibu huo. Nalisema mapema kwa sababu wengi ninaowaandalia makaratasi hapa Mombasa huondoka wakiamini kwamba shughuli yote imeishia ubalozini. Viza imetoka, tiketi imekatwa, jamaa wamemsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Moi. Kumbe ubalozi umempa ruhusa ya kuingia tu. Ya kukaa, na ya kutambulika kwamba anakaa, huanzia huko aendako.

Serikali ya ugenini ina maswali mawili kwako. Unakaa hapa kwa haki gani? Na unakaa wapi, au kwa nani? Mara nyingi kila swali lina ofisi yake, na kujibu moja si kujibu la pili.

Nianze na Ujerumani, maana Pwani yetu ina watu wengi waliooa au kuolewa huko, toka Mtwapa hadi Diani. Kila anayehamia kwenye nyumba, awe mwenyeji au mgeni, anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya mji ndani ya wiki 2. Wenyewe huita Anmeldung. Ukichelewa, faini yaweza kufika yuro 1,000. Unakwenda na pasipoti, fomu, cheti cha ndoa kama unacho, na karatasi moja inayowakwamisha wengi: uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba kweli umehamia. Mkataba wa kupanga hautoshi. Tangu Novemba 2015 mwenye nyumba analazimika kisheria kukupa karatasi hiyo, kwa hivyo akikwambia "panga kwangu lakini usijiandikishe hapa", mshukuru uendelee kutafuta.

Kwenye fomu utaulizwa dini. Swali hilo linahusu kodi ya kanisa, ambayo Mkatoliki au Mluteri hukatwa juu ya kodi ya mapato, asilimia 8 au 9 ya kodi yenyewe kulingana na jimbo. Muislamu haimhusu.

Kisha kuna jambo dogo ambalo huwa nalisisitiza sana. Namba yako ya kodi hutumwa kwa barua nyumbani, wiki chache baada ya kujiandikisha. Sisi tumezoea sanduku la posta, la baba au la shule, na barua hukaa humo hadi mtu apite kuichukua. Kule tarishi husoma jina lililobandikwa kwenye kisanduku cha barua cha nyumba. Lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Bila namba hiyo mwajiri atakukata kodi kwa daraja la juu kabisa, na mshahara wa kwanza utakushangaza. Wanaopatikana zaidi ni dada zetu waliobaki na majina ya baba zao, huku kisanduku kina jina la mume peke yake. Bandikeni yote mawili siku ile ile mnayohamia.

Hapo umejibu swali la wapi. La haki liko kwa ofisi ya wageni, na kibali cha ukaazi lazima ukiombe kabla viza haijaisha. Miadi hucheleweshwa sana katika miji mikubwa, lakini ukiwa umewasilisha ombi kwa wakati, haki yako inaendelea mpaka uamuzi utoke, na wanaweza kukupa cheti cha muda kuonyesha hivyo. Hifadhi ushahidi wa tarehe uliyotuma. Kibali cha mke au mume kinategemea ndoa: kwa kawaida, baada ya miaka 3 ya kuishi pamoja kwenye ndoa nchini humo, unaweza kupata haki yako mwenyewe hata ndoa ikivunjika. Anayepigwa au kuteswa hahitaji kusubiri miaka hiyo. Sheria inatambua mateso hayo kuwa sababu ya kumwondolea sharti. Naomba hili lienezwe. Wapo wanaovumilia kipigo kwa sababu mume amewaambia kwamba wakitoka tu watarudishwa Kenya, na wakamwamini.

Na ukija nyumbani kumuuguza mama, kumbuka kwamba kukaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 kwa kawaida huua kibali, isipokuwa umeomba muda mrefu zaidi kwanza.

Uingereza haina usajili wa mtaa wa namna hiyo. Hali yako imo kwenye akaunti ya mtandaoni, na zile kadi za zamani za ukaazi ziliisha muda 31 Desemba 2024. Marekani nayo inataka uiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 kila unapohama nyumba.

Mgeni aliye kwetu ana wajibu kama huo. Chini ya sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011, anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 anahitaji kibali au pasi ya uhamiaji, halafu ajisajili apate kitambulisho cha mgeni. Ni hatua mbili. Kununua nyumba Nyali hakumpi mtu haki ya kukaa. Mstaafu mwenye kipato cha uhakika na asiyefanya kazi hapa huangukia kibali cha daraja la K, na umri wa chini ni miaka 35.

Nililotaka hasa kufika ni Saudia, maana huko ndiko vijana wetu wengi wanakokwenda, na huko usajili hauko mikononi mwako. Mwajiri ndiye anayepaswa kukutolea ikama, yaani kadi ya ukaazi, ndani ya siku 90 tangu uingie, na ndiye anayelipa ada yake na ya kuihuisha. Ejenti akikuomba pesa ya ikama, anakuibia. Ikama isipotoka au ikiisha, anayehangaika ni wewe: benki haikuhudumii, hospitali ni shida, na barabarani askari anakushika wewe.

Ukiipata kadi, isome. Namba ina tarakimu 10 na huanza na 2. Tazama jina la kafili, yaani mwajiri anayekudhamini: kama si la yule unayemfanyia kazi, huenda umeazimwa kinyume cha sheria. Tazama kazi iliyoandikwa: kama mkataba ulisema hoteli na kadi inasema mtumishi wa nyumbani, mjulishe afisa wa kazi wa ubalozi wetu Riyadh mapema, kabla ya ugomvi na mwajiri. Baada ya ugomvi anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, wanaita hurubu, na ripoti hiyo ikishaingia kwenye mfumo kuifuta ni kazi kubwa. Pasipoti ni yako, mwajiri hana haki ya kuishikilia.

Mzazi mwenye mtoto Riyadh, Jeddah au Dammam, mwombe leo akutumie picha ya ikama yake, na uiandike tarehe ya kuisha mahali utakapoiona. Ikibaki miezi miwili na mwajiri hajaihuisha, aanze kuuliza.