Madirisha ya saa kumi na mbili jioni

Kuna jengo moja la ofisi, la ghorofa tatu, ambalo hesabu zake za joto nilizifanya mwenyewe nikiwa bado mgeni kazini. Nilizionea fahari sana. Mchana kuta nene na sakafu za zege zingefyonza joto. Usiku madirisha madogo ya juu, karibu na dari, yangeachwa wazi ili hewa ya baridi ipite na kuliondoa joto hilo. Asubuhi wafanyakazi wangelikuta jengo limepoa, bila kiyoyozi hata kimoja. Mwaka wa pili nikapigiwa simu: watu wanalalamika joto, mwenye jengo anataka kununua viyoyozi.

Nilikwenda jioni. Nikamkuta mlinzi ana fimbo ndefu yenye ndoano, anapita chumba kwa chumba akiyafunga madirisha yale ya juu.

"Mzee, haya hufungwa kila siku?"

"Kila siku, mhandisi. Saa kumi na mbili kamili. Mvua ikinyesha karatasi zikalowa, ataulizwa nani?"

Hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba madirisha yale ndiyo kiyoyozi cha jengo. Ripoti yangu ilieleza yote, lakini ripoti ilikuwa kabatini na fimbo ilikuwa mkononi mwake. Sisi tulichora dirisha la kukaa wazi usiku kucha, halina kinga ya mvua, halina wavu wala nondo, kisha tukamtarajia mtu aliyeajiriwa kulinda mali aliache hivyo. Siku hizi mtu akiniletea mradi wa jengo rafiki kwa mazingira, swali langu la kwanza ni nani atakayelishika jengo hilo likishakwisha, na kama naweza kuzungumza naye kabla mchoro haujakauka.

Mbinu yenyewe ya kupoza usiku haina ubaya, mradi iwekwe mahali pake. Eastgate Centre ya Harare, iliyosanifiwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, inaitumia: feni husukuma hewa ya usiku kupitia nafasi zilizo ndani ya sakafu, zege linapoa, na mchana hewa inayoingia ofisini inapita kwanza kwenye zege hilo. (Inasemekana kila mahali kwamba wazo lilitoka kwenye kichuguu cha mchwa. Watafiti wa mchwa baadaye walionyesha kwamba kichuguu hakipitishi hewa namna hiyo. Jengo linafanya kazi vilevile.) Harare iko juu na usiku wake hupoa. Peleka jengo hilohilo mahali ambapo usiku una joto na unyevu karibu sawa na mchana, zege halitakuwa na pa kulitua joto lake. Huko tegemea kivuli, upepo wa kupita upande hadi upande, na feni ya dari. Nayo feni haipozi hewa, inampoza mtu kwa kupitisha hewa juu ya ngozi yake, kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kitupu inakula umeme bure.

Maamuzi makubwa ya jengo ni yale ya wiki ya kwanza, tena mengi hayaongezi gharama. Katika nchi za joto, upande mrefu wa jengo ukitazama kaskazini na kusini, jua la mchana huwa juu na ukingo mfupi tu juu ya dirisha unatosha kulizuia. Ukitazama mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni huingia limelala, hakuna ukingo wa dirishani utakaolifikia. Nimeona majengo yenye ukuta mzima wa kioo upande wa magharibi, mapazia yameshushwa kuanzia saa nane mchana na taa zimewashwa. Mtu analipia kioo ili apate mwanga, analipia pazia ili auzuie, kisha analipia taa ili aurudishe. Kabla ya kuzungumza nami habari za paneli za jua, nionyeshe kwanza dirisha la magharibi.

Kisha kuna deni ambalo jengo huzaliwa nalo. Saruji huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Wengi hudhani tatizo ni moto wa tanuri, linalofikia nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Moto ni sehemu tu. Zaidi ya nusu hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe: yakichomwa yanaachia kaboni dioksidi iliyofungwa ndani yake, hata kama tanuri lingewashwa kwa umeme wa jua. Ndiyo maana saruji zinazopunguza klinka (yale mawe yaliyochomwa tanurini ambayo ndiyo kiini cha saruji), kwa kuchanganya udongo wa mfinyanzi uliochomwa, jivu la makaa ya mawe au taka za tanuri za chuma, zinapunguza deni hilo kwelikweli. Lakini kabla ya kubadilisha saruji, tazama mchoro. Nguzo zikisogezwa karibu, sakafu inaweza kuwa nyembamba, na sakafu ndiko zege jingi linakokwenda. Msanifu atanuna kidogo, kwa sababu ukumbi usio na nguzo hupendeza. Na kama kuna jengo la zamani lenye msingi mzima, likarabatiwe. Zege lililokwisha kumwagwa halidai tena.

Vyeti vya majengo rafiki kwa mazingira navyo nina maneno navyo. BREEAM ilianza Uingereza mwaka 1990, LEED ikafuata Marekani. EDGE ya IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, hutaka upunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya nishati au kaboni ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida. Ni mizani nzuri ya kuanzia, inawalazimisha watu wahesabu. Ila cheti kinachotolewa kwa michoro kinapima nia. NABERS ya Australia husoma bili za miezi 12 za jengo lenyewe, na mwaka ukipita alama zinaisha muda, unapimwa upya. Hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi.

Huhitaji cheti kuanza kupima. Nenda saa nane usiku, jengo likiwa tupu, usome mita. Mara moja nilikuta kilowati 10 zikitumika na hakuna mtu ndani: feni za kutoa hewa chooni, mashine za maji ya moto, taa za ngazi, na kiyoyozi kimoja cha chumba cha mikutano ambacho rimoti yake ilipotea. Kilowati 10 kwa saa 10 ni kilowati-saa 100 kila usiku, 36,500 kwa mwaka. Penye jua zuri, paneli za kilowati 1 hutoa kama kilowati-saa 4 kwa siku, kwa hiyo ungehitaji paneli za kilowati 25 kulisha kitu ambacho hakimnufaishi mtu. Kwa maji ni vivyo hivyo: mita ikizunguka usiku, anza na matangi ya vyoo. Na gesi ya viyoyozi isisahaulike. Kilo moja ya R-410A, gesi mojawapo ya aina hiyo, ikivuja huipasha dunia sawa na takriban tani mbili za kaboni dioksidi, lakini bado kuna mafundi wanaoifungulia ipotee hewani ili wamalize kazi mapema.

Kwenye jengo la mzee yule tulifunga wavu wa chuma na vifuniko vya mteremko vya kuzuia mvua, tukaweka kamba ya kufungulia madirisha ukiwa umesimama chini. Viyoyozi vilivyonunuliwa mwishowe vilikuwa viwili, vya chumba cha kompyuta. Mradi uliofuata nilimwomba aje aitazame michoro. Aliinama mezani muda mrefu, akaweka kidole kwenye vioo vya juu ya ngazi kuu.

"Huyu wa kusafisha hapa, atasimama wapi?"

Tulitazamana. Siku hiyohiyo vioo vile vikashushwa mita moja na nusu.