Je, wajua kwa nini kijana anayengojewa haelemewi upesi?

Msimu wa karafuu Pemba, kazi haiishi jua likitua. Karafuu humwagwa jamvini, nyumba nzima ikazizunguka kuzichambua na makonyo yake, maana asubuhi lazima zianikwe. Pembeni amekaa kijana wa miaka 16 na daftari la skuli aliloligeuza nyuma mbele, anaandika nani kaleta pishi ngapi. Malipo ya kesho yatafuata daftari hilo. Akiumwa, bibi yake atamuulizia hali mara tatu kabla ya magharibi, na si kwa mapenzi tu: hakuna mwengine ndani ya nyumba ambaye wachumaji wanaiamini hesabu yake.

Kijana huyu anajua kwamba asipokuwepo, pengo litaonekana. Wanasaikolojia hulihesabu jambo hilo ndani ya kile wanachokiita maana ya maisha, ambacho wengi wao hukigawa mafungu matatu: kuyaelewa maisha yako kama hadithi inayoshikana, kuwa na pahala unapoelekea, na kuhisi kwamba kuwepo kwako kuna uzito. Sisi watu wazima hulihubiri sana lile la pili. "Soma mwanangu, uje uwe daktari." La tatu tunalisahau, na kwa maoni yangu ndilo linalomshika kijana usiku wa leo, kabla udaktari haujafika.

Umri nao una jambo lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Huu ndio wakati akili inapoanza kujihoji. Mtoto wa miaka saba ukimuuliza yeye ni nani, atakwambia mtoto wa fulani, anapenda maembe. Wa miaka 15 atanyamaza, kisha aingie ndani na swali lako, alale nalo.

Sasa yaje matokeo ya kidato cha nne, na vijana wawili wamefeli sawasawa. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi, basi. Alichofeli ni yeye mzima. Wa pili naye analia, lakini saa kumi kwenye chuo cha Kurani kuna watoto wanane wa juzuu Amma wanaomngoja awasikilize, na wasiposikilizwa watapigana. Huzuni yake haikupungua uzito. Ila imekosa nafasi ya kukaa peke yake kutwa nzima ikijitafuna, na kule kurudia wazo moja la uchungu bila kikomo ni miongoni mwa njia zinazompeleka mtu kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Viktor Frankl, aliyekuja kuwa daktari wa magonjwa ya akili, aliliona hili Vienna, Austria, karibu miaka mia iliyopita. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, mnamo 1928 alianza kufungua vituo vya ushauri kwa vijana, akaweka mkazo siku za kutolewa ripoti za skuli. Baadaye alikutana na vijana wasio na ajira waliozama katika huzuni, wakiamini kuwa asiye na kazi hana faida, na asiye na faida hana sababu ya kuishi. Akawashawishi wajitolee bila malipo maktabani na katika vyama vya vijana. Njaa yao ilibaki palepale, huzuni ikawatoka.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2014 ulichungulia hadi ndani ya ubongo. Vijana ambao sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka zaidi walipoitolea familia pesa, dalili zao za sonona zilipungua mwaka uliofuata. Wale iliyoamka zaidi kwa kujipatia wenyewe kwa kubahatisha, dalili ziliongezeka. Lakini lilikuwa kundi dogo, na mshale huenda pande zote mbili: sonona yenyewe hula maana, hata kijana aliyekuwa nguzo ya nyumba akaona hana kazi duniani.

Tena tusichanganye kutegemewa na kutwishwa. Kijana aliyetolewa skuli ili akakwee mikarafuu hakupewa maana, amepewa mzigo, na tawi la mkarafuu huvunjika bila kuaga.

Na kinga si dawa. Kijana aliyeacha kula, asiyelala wiki nzima au anayesema bora afe, usimpe daftari la pishi. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Hapa tuna kikwazo chetu wenyewe. Kidongo Chekundu, ilipo hospitali ya magonjwa ya akili Unguja, tumeligeuza jina lake kuwa mzaha wa barazani, na kijana aliyekua akilicheka atakuwa wa mwisho kumwambia mama yake kwamba usiku halali.