Sauti ya mazingira ni nini, na kwa nini mwanafunzi wa utangazaji huisahau

Mwanafunzi wa utangazaji akishikishwa kamera kwa mara ya kwanza, macho yake yote huhamia kwenye kile kioo kidogo cha pembeni. Anahangaika na fremu: kichwa kisikatwe, ziwa lisilalie upande. Sauti anaikumbuka mtu akianza kuongea, na mtu akinyamaza tu, kidole kinabonyeza kitufe, rekodi imesimama. Nusu ya habari ameiacha palepale ufukweni.

Sauti ya mazingira ni sauti ya mahali penyewe, ukitoa maneno ya anayehojiwa na ya mtangazaji. Pale Mwaloni, soko la samaki na dagaa la Kirumba jijini Mwanza, ni dagaa wakavu wanaomiminwa kwenye gunia, wapagazi wanaopiga kelele "pisha, pisha!", mkokoteni unaolia ekseli, injini ya mtumbwi inayokohoa mbali. Hata chumba kitupu kina yake. Zima kila kitu ofisini uketi kimya, utasikia feni, friji, barabara ya nje. Kimya kabisa, kile cha kutia shaka, mtazamaji hukikuta pale tu fundi alipokosea.

Mimi niliielewa kwa aibu. Mwaka wa kwanza chuoni tulitumwa kutengeneza habari ya dakika mbili kuhusu biashara ya dagaa. Nikamhoji mama mmoja, akanipa maneno mazuri, nikarudi nikaketi kwenye kompyuta nikaanza kukata: kikohozi toa, sentensi aliyoirudia toa, "yaani" zote toa. Kwenye picha mambo yalikaa vizuri, maana kila nilipokata nilifunika kwa picha ya magunia. Nikampelekea mwalimu. Akageuza kiti, akakipa kioo mgongo, akasikiliza tu. "Hapa umekata," akasema. "Na hapa. Na hapa tena, lori lilikuwa linapita, limepotea katikati ya neno."

Alikuwa sahihi. Nyuma ya maneno ya mama kulikuwa na soko zima, na kila nilipomkata yeye nililikata na soko. Jicho husamehe, hasa likipewa picha nyingine ya kutazama. Sikio lina kinyongo: kelele ikizimika ghafla na kurudi, msikilizaji anashtuka hata kama hawezi kusema kilichomshtua. Dawa yake ni kuwa na kipande kirefu cha soko peke yake, kisicho na maneno, ukakilaza kwenye treki ya pili, yaani mstari wa pili wa sauti kwenye programu ya kuhariri, chini ya mahojiano yote. Mashimo yanazibika, na soko linakuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mimi kipande hicho sikuwa nacho. Kesho yake nikarudi.

"Umesahau kuniuliza nini tena, mwanangu?" mama akasema.

"Leo siulizi kitu, mama. Nataka kurekodi kelele tu."

Akawaita majirani zake: "Jamani njooni muone, huyu amekuja kuchukua kelele zetu bure!"

Namna ya kuirekodi haina siri. Baada ya mahojiano, kabla hujaiondoa maiki, omba watu wanyamaze, nawe unyamaze, uache rekodi iende sekunde 30 hadi dakika nzima. Maiki iwe ileile, mahali palepale, kiwango kilekile cha sauti. Kama kamera inajipangia kiwango yenyewe, zima mpangilio huo upange kwa mkono, kwa sababu mtu akinyamaza mashine hudhani sauti imepungua na kuipandisha kelele ya nyuma, halafu akianza kuongea inaishusha tena. Matokeo yake soko linapumua kama mgonjwa. Kisha sogea. Dagaa wakimwagwa, weka maiki hatua moja tu kutoka kwenye gunia, upate ule mchakacho wenyewe. Wa mbali ni vurugu tu isiyo na umbo. Na uvae hedifoni. Kazi za wanafunzi ninazopitia siku hizi, nyingi zimeharibiwa na mtu aliyeziacha hedifoni begini.

Kwetu kanda ya ziwa kuna adui mwingine, upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufukweni, usiku hugeuka. Ukienda saa nane mchana na maiki isiyo na kofia ya manyoya, utarudi na mngurumo ambao hakuna programu itakayoutoa bila kuharibu na sauti ya mtu. Nenda alfajiri. Ndiyo saa ya wavuvi wa dagaa waliokesha na taa kurudi, kwa hiyo habari yenyewe iko pale. Ila angalia na mwezi: usiku wa mbalamwezi taa haivuti dagaa vizuri, na wengi hupumzika.

Sauti hii haizibi mashimo tu. Acha honi ya kivuko cha Kamanga isikike sekunde moja kabla hatujakiona, na mtazamaji aliyekuwa anakunywa chai atainua kichwa. Andika maelezo yako ukijua mahali pa kunyamaza, sekunde tatu za dagaa wakimwagwa bila neno lako. Hapo wengi hushindwa, maana mtangazaji mpya anaona kila sekunde asiyoongea ameibiwa.

Kwenye habari kuna mpaka usiovukwa. Kelele ya Mwaloni huwezi kuiweka chini ya picha za mwalo mwingine, wala kupakua mawimbi mtandaoni ukayamwaga kwenye ziwa lililotulia. Kwenye tamthilia sawa, huko kila kitu ni cha kutunga. Kwenye habari, mtazamaji anaamini alichosikia kilitokea pale, kama anavyoamini alichoona.

Rekodi ile ya siku ya pili bado ninayo. Niliomba kimya cha dakika moja, nikapata sekunde 18, halafu kicheko cha mama na sauti ya jirani yake akiuliza kama kelele nazo zinauzwa kwa kilo. Sekunde 18 hizo nilizirudiarudia hadi zikatosha dakika mbili. Kwa habari nyingine yoyote hazifai, na sijazifuta.